Ufa ndani ya jicho: kungoja kwa matone, kupigwa leza au kushonwa?

Kijana mmoja wa Ngamiani alikuwa anafunga gunia la nazi kwenye keria ya baiskeli. Ukanda wa mpira wa tyubu ukamponyoka ukiwa umevutwa hadi mwisho, ukamchapa jicho la kushoto. Damu ikavilia ndani, likamuuma siku nne, kisha likatulia. Wiki ya tatu akaja kliniki. "Dada, haliumi kabisa," akaniambia, "ila naona kama nimefumbua macho ndani ya maji." Tulipopima, presha ya jicho lile ilikuwa 3.

Nimefanya uuguzi wa macho hapa Tanga miaka mingi, na swali la familia yake nimelisikia mara nyingi kutoka kwa wengine: akubali kushonwa, au tungoje dawa ifanye kazi? Uamuzi ni wa mgonjwa na daktari wake bingwa. Ninachoweza kufanya ni kuziweka njia zote mezani, ili mtu aingie kwa daktari akijua la kuuliza.

Kilichoharibika ni nini

Jicho hutengeneza maji yake lenyewe. Yanatengenezwa na pete ya nyama iitwayo siliari, iliyojificha nyuma ya sehemu ya jicho yenye rangi, na hutoka taratibu kupitia kichujio kilicho pembeni, mbele ya pete hiyo. Yanayoingia na yanayotoka yakilingana, presha hukaa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, na jicho hubaki na umbo lake.

Pigo butu linaweza kuibandua pete hiyo kutoka kwenye ukuta mweupe inakoshikiliwa. Nimeona ikitokea kwa ngumi, kwa jiwe la manati, kwa mpira wa miguu uliopigwa karibu. Panabaki ufa. Maji yanaacha njia yake na kupenya humo, kwenda nyuma ya ukuta, na siliari iliyobanduka nayo hupunguza kutengeneza mengine. Presha inashuka hadi 5 au chini yake. Jicho linalegea kama tairi lenye pancha ndogo, na ngozi ya nyuma inayopokea picha, yaani retina, inajikunja makunyanzi pale pale tunapotegemea kusomea. Madaktari wanauita ufa wa saiklodayalisisi. Mimi nitauita ufa tu.

Zamani ufa huu ulitengenezwa makusudi. Mwaka 1905, Tanga ikiwa bado chini ya Wajerumani, daktari wa Kijerumani Leopold Heine alieleza upasuaji wa kuibandua siliari ili kushusha presha ya wagonjwa wa glakoma, yaani ugonjwa wa presha ya jicho. Upasuaji huo uliachwa kwa sehemu kubwa baada ya kupatikana njia zinazotabirika zaidi, lakini unatukumbusha jinsi mlango huo unavyoweza kumwaga maji mengi ukiachwa wazi.

Tatizo kubwa ni kwamba jicho laini haliumi. Mtu anaona ukungu, anadhani ni nguvu ya pigo, anangoja.

Mambo manne ya kupima kabla ya kuchagua

La kwanza ni ukubwa wa ufa. Daktari huligawa duara la jicho sehemu 12, kama uso wa saa, kisha huhesabu ufa umekula sehemu ngapi. Hapa niongeze neno, maana nimeona watu wakichanganyikiwa: ukiambiwa ufa unaanzia saa 2 hadi saa 5, ni namba zilizoandikwa kwenye saa ya ukutani. Hazihusiani na saa zetu za Kiswahili. Ufa wa sehemu moja au mbili ni mdogo. Ukifika nne na kuendelea, madaktari wengi huanza kufikiria sindano na uzi. Kuupima si kazi rahisi. Hutumika lenzi yenye kioo inayowekwa juu ya jicho, lakini jicho laini hubonyea chini yake, na ufa mdogo unaweza kujificha. Pakiwa na kipimo cha ultrasaundi ya sehemu ya mbele ya jicho, kiombeni. Tena ulizeni kama duara zima limekaguliwa, kwa sababu pigo moja linaweza kuacha nyufa mbili.

La pili ni hali ya lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho lenyewe. Je, bado ni safi, imeingia mtoto wa jicho, au imeteguka mahali pake?

La tatu ni muda. Makunyanzi ya wiki chache hunyooka vizuri kuliko ya miezi mingi. Hata hivyo, yapo macho yaliyokaa laini muda mrefu ambayo yalirudisha sehemu nzuri ya uoni baada ya ufa kuzibwa, kwa hiyo aliyechelewa asikate tamaa.

La nne ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na mara nyingi husahaulika: utalala wapi usiku presha itakaporudi? Ufa ukiziba, kwa njia yoyote ile, kichujio kilichokaa bila kazi kinapokea maji yote kwa mkupuo, na hakiko tayari. Presha inaweza kuruka kutoka 3 hadi 40 au zaidi ndani ya saa chache. Jicho linakuwa jekundu, kichwa kinapasuka upande mmoja, mgonjwa anatapika. Yule kijana wa Ngamiani yalimpata usiku wa tatu baada ya leza. Mama yake alidhani ni malaria, akampa dawa za malaria, wakakesha. Asubuhi presha ilikuwa 46. Habari yenyewe ilikuwa njema, maana ilionyesha mlango umefungwa, lakini mshipa wa fahamu wa jicho hauwezi kuvumilia hali ile siku nyingi. Tulimpa vidonge vya asetazolamaidi na matone ya timololi, na baada ya siku kadhaa kichujio kikaamka.

Lawama za usiku ule nazibeba mimi kwanza. Nilimweleza kijana, sikumweleza mama yake. Tangu hapo simruhusu mgonjwa aondoke kabla anayelala naye hajanirudishia maneno yale kwa kinywa chake.

Sasa tuziangalie njia zenyewe kwa vipimo hivyo.

Matone ya atropini na subira

*Inavyofanya kazi.* Atropini ya asilimia 1 huulegeza msuli wa siliari. Msuli uliolegea huacha kujivuta, unalala karibu na ukuta, na kovu dogo linaweza kuushikiza hapo. Kwa kuwa kovu ndilo linalotafutwa, madaktari wengi hupunguza mapema matone ya steroidi, yale ya kutuliza uvimbe, kwani steroidi huzuia kovu. Kwa kawaida hupewa wiki sita hadi nane.

*Inamfaa nani.* Mwenye ufa mdogo, aliyeumia karibuni, ambaye retina yake haijaharibika sana. Pia ndiyo hatua ya kwanza kwa karibu kila mtu wakati vipimo na rufaa vinaandaliwa.

*Mzigo wake.* Hakuna kisu, na dawa yenyewe si ghali. Lakini mboni inabaki wazi, jua la pwani linachoma, na kazi ya karibu inashindikana kwa jicho lile. Fundi cherehani na mshona nyavu wataona ugumu wake. Kofia pana na miwani ya jua ni sehemu ya tiba. Mdomo hukauka, moyo huweza kwenda mbio, na wazee wenye tezi dume wanaweza kushindwa kukojoa. Bonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika mbili baada ya kudondosha, ili dawa isikimbilie mwilini. Kichupa kikae mbali kabisa na watoto, maana mtoto akiinywa ni sumu.

*Usiku wa presha.* Unaweza kuja siku yoyote kati ya wiki hizo, bila taarifa. Hapa ndipo njia hii inapodanganya: kwa sababu hakuna upasuaji, familia inaona hakuna hatari.

Leza

*Inavyofanya kazi.* Daktari anaweka lenzi yenye kioo juu ya jicho na kupiga miale ndani ya ufa, upande wa ukuta na upande wa siliari. Majeraha hayo madogo ya moto yanavimba kidogo, kisha yanagandana. Ipo pia leza inayopitishwa kutoka nje, juu ya weupe wa jicho, na wapo wanaotumia ubaridi mkali kwa lengo hilo hilo.

*Inamfaa nani.* Mwenye ufa mdogo ambao atropini imeshindwa kuufunga, na ambao daktari anauona vizuri. Sharti la kuonekana ni kubwa. Konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, ikiwa na ukungu, au chemba ya mbele, yaani nafasi ya maji nyuma ya kioo hicho, ikiwa imesinyaa, miale haifiki inakotakiwa.

*Mzigo wake.* Inauma kuliko leza nyingine za jicho, kwa hiyo huhitaji sindano ya ganzi. Mgonjwa hutoka hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ikarudiwa mara mbili au tatu, na hapo ndipo nauli inapoanza kuzidi. Kutoka Tanga, rufaa za namna hii mara nyingi huelekea Dar es Salaam au Moshi, na kila upande ni karibu kilomita 350. Safari tatu za watu wawili, malazi na siku za kazi zilizopotea zihesabiwe kabla, maana nimeona watu wakiishia safari ya kwanza.

*Usiku wa presha.* Huja haraka, mara nyingi ndani ya siku chache. Nawasihi wagonjwa wasipande basi la kurudi siku ile ile. Laleni kwa ndugu, angalau siku tatu nne, karibu na hospitali iliyofanya kazi hiyo.

Kushona moja kwa moja

*Inavyofanya kazi.* Hii ndiyo kazi ya fundi hasa. Daktari hufungua ngozi laini inayofunika weupe wa jicho, huchonga mlango mdogo kwenye ukuta mweupe bila kuutoboa wote, kisha hukata chini yake hadi aione siliari iliyobanduka. Anaishika, anairudisha ukutani na kuishona kwa uzi wa namba 10-0, mwembamba kuliko unywele. Mishono huvuka kidogo ncha zote mbili za ufa, kwa sababu ncha zikiachwa ndiko maji hupata upenyo tena. Halafu mlango unafungwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye ufa mkubwa, au ufa mdogo ambao matone na leza vimeshindwa, au yule ambaye uoni wake unashuka na hana wiki sita za kungoja. Kwa kijana ambaye lenzi yake bado ni safi, hii ina heshima yake: inaziba ufa na kumwachia lenzi aliyozaliwa nayo.

*Mzigo wake.* Ni upasuaji kamili, kwa ganzi ya sindano au usingizi kamili ikiwa ni mtoto. Siliari ina damu nyingi, kwa hiyo kutoka damu ndani ya jicho ni jambo la kutarajia. Lenzi inaweza kuguswa ikaota mtoto wa jicho, ute wa ndani unaweza kuchungulia, na maambukizi, ingawa ni nadra, ni hatari kubwa. Uzi ukikazwa sehemu fulani unaweza kulipinda jicho kidogo na kuleta haja ya miwani. Na ikiwa sehemu ya ufa haikuonekana mwanzoni, inaweza kulazimu kurudi mezani.

Swali la kumuuliza daktari, tena bila haya, ni hili: umewahi kufunga ufa wa namna hii, au utanielekeza kwa aliyewahi? Ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Daktari mzuri anaweza kukaa miaka bila kuuona, na sijawahi kuona bingwa akikasirika kwa swali hilo likiulizwa kwa adabu.

*Usiku wa presha.* Mara nyingi mgonjwa bado yumo wodini au karibu nayo, na hilo ni jema lisilosemwa sana la njia hii. Waumini huniuliza kuhusu kusujudu. Katika siku za mwanzo kuinamisha kichwa hakushauriwi, na mgonjwa ana ruhusa ya kusali akiwa amekaa. Masheikh wetu hapa wamelieleza hilo vizuri, hakuna haja ya kujilazimisha.

Kuziba kwa ndani, pamoja na upasuaji wa lenzi

Mzee mmoja mvuvi wa Kigombe alipigwa na kamba ya jarife. Ufa wake ulikuwa mkubwa, na jicho lilikuwa limeshaota mtoto wa jicho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nisikilize. Mimi nina roho ya kupasuliwa mara moja. Ya pili sina."

Kwa mtu kama yeye njia hii ina maana kubwa.

*Inavyofanya kazi.* Daktari anatoa lenzi iliyochafuka, kisha anaweka ya bandia ambayo mikono yake inasukuma siliari ukutani, au anaingiza pete ya plastiki inayotanuka nyuma ya sehemu yenye rangi na kuibana siliari pande zote. Mara nyingine pete au lenzi hiyo hushonewa ukutani.

*Inamfaa nani.* Mwenye mtoto wa jicho tayari, au lenzi iliyolegea kwa pigo, au aliyekwisha kutolewa lenzi.

*Mzigo wake.* Kuingia mara moja kunatatua mambo mawili. Lakini kwa kijana mwenye lenzi safi, bei yake ni kuitoa lenzi isiyo na kosa, na pamoja nayo uwezo wa jicho kujirekebisha kutazama karibu na mbali. Kupima nguvu ya lenzi bandia nako kuna mtego: jicho laini limesinyaa, kipimo chake ni kifupi kuliko uhalisia, na presha ikirudi jicho hurefuka tena. Msishangae akihitaji miwani.

*Usiku wa presha.* Upo kama kwenye njia nyingine. Kwa wazee, sema mapema kama ana pumu, kwa sababu timololi humbana mwenye pumu, au kama dawa za salfa humdhuru, maana asetazolamaidi ni ya ukoo huo.

Gesi ndani ya jicho

*Inavyofanya kazi.* Ute wa ndani hutolewa na jicho hujazwa gesi. Mara nyingine gesi pekee hutosha, bila kutoa ute wote. Kiputo hupanda juu na kuisukuma siliari ukutani, mara nyingi kikisaidiwa na leza au ubaridi.

*Inamfaa nani.* Mwenye ufa ulioko upande wa juu wa jicho, au ambaye pigo limeharibu na retina, hivyo upasuaji wa ndani ulihitajika hata hivyo. Ufa wa chini haufaidiki sana, kwa sababu gesi haikai chini.

*Mzigo wake.* Mgonjwa hukaa na kulala kwa mkao atakaoelekezwa, na haoni kwa jicho hilo mpaka kiputo kipungue: kama wiki mbili kwa gesi moja, hadi miezi miwili kwa nyingine. Lenzi safi huwa inaota mtoto wa jicho baadaye.

*Usiku wa presha.* Hapa pana hatari ya ziada, na kwa mkoa wetu ni ya kweli kabisa. Gesi hutanuka mtu anapopanda juu. Ndege ni marufuku, hilo wengi wanalijua. Lakini Tanga iko usawa wa bahari na Lushoto iko karibu mita 1,400 juu yake. Mgonjwa wa Lushoto akitoka Dar es Salaam na kiputo jichoni, akafika Mombo na kuanza kupanda zile kona, presha ya jicho inapanda naye. Anaweza kufika nyumbani jicho limekufa. Pia kila atakayemlaza kwa usingizi wa upasuaji mwingine aambiwe kuna gesi, kwa sababu ipo dawa ya usingizi ya kuvuta inayoitanua.

Kwa hiyo, kwa hali yako

Umeumia chini ya wiki chache zilizopita, ufa hauzidi sehemu mbili, na unaishi mjini unakoweza kupimwa presha kila wiki: atropini ina nafasi nzuri ya kujaribiwa kwanza. Wekeni tarehe ya mwisho na daktari siku ile ile mnapoanza, subira isije ikageuka kusahau.

Atropini imeshindwa, ufa ni mdogo na unaonekana, na mna mahali pa kulala karibu na hospitali: ulizeni leza.

Ufa umefika sehemu nne au zaidi, lenzi ni safi, na mgonjwa ni kijana: mazungumzo yaanzie kwenye kushona. Ukiwa mbali, Pangani au Handeni kwa mfano, nauli ya safari moja ya kushonwa inaweza kuwa nafuu kuliko tatu za leza, hata kama upasuaji wenyewe unatisha zaidi. Bima iulizwe kabla ya safari, pamoja na barua ya rufaa.

Mtoto wa jicho ameshaingia: ulizeni kama kazi zote mbili zinaweza kufanywa kwa mkupuo, kama alivyotaka yule mzee wa Kigombe.

Retina nayo imeumia na ufa uko juu: gesi inaweza kuwa njia bora, ila mtu wa milimani apangiwe kwa kukaa bondeni mpaka daktari athibitishe kiputo kimekwisha chote.

Mtoto mdogo: usichelewe, kwa sababu jicho linalokua bila picha safi huzoea kutoona. Na atropini kwake inahitaji uangalizi wa karibu, homa na uso kuwa mwekundu vikitokea arudishwe mara moja.

Kwa wote, njia yoyote mtakayochagua: maumivu makali ya jicho na kutapika ni kwenda hospitali usiku ule ule, mkiwaambia neno "presha ya jicho" kabla ya neno lingine lolote. Mtu asikudondoshee pilokapini, dawa inayobana mboni, kwa sababu huuvuta msuli na inaweza kuufungua ufa upya. Na hata baada ya kupona, presha ipimwe kila mwaka maisha yote, maana pigo lile lile huweza kuwa limejeruhi kichujio, na glakoma ikaja miaka mingi baadaye. Yule kijana wa Ngamiani huja kila Januari. Mwaka huu ilikuwa 15.